Bei ya mahindi Kambove: serikali inamsaidia nani, mkulima ao mlaji?

Kila mwaka hadisi ni ile ile katika teritwari ya Kambove. Mwezi wa 4 na wa 5 mahindi yanakauka shambani, watu wanavuna, mifuko inajaa barazani. Wakati huo huo deni la mbegu linangoja, mtoto anadaiwa shuleni, na mnunuzi kutoka Likasi ao Lubumbashi anasimamisha kamyo kando ya barabara na kutaja bei yake. Mkulima anauza. Ikifika mwezi wa 1, mvua ikiwa kali na ghala likiwa tupu, mkulima yule yule anaenda sokoni kununua unga kwa meka, kwa bei iliyo mbali sana na ile aliyouzia.

Njo maana swali linarudi kila msimu: kwa nini serikali haimlipi mkulima wa huku bei ya kueleweka, kama jirani zetu wa Zambia? Swali ni la haki. Lakini kabla ya kulijibu, ni vizuri kujua ruzuku ya bei inafanya kazi namna gani, inamfikia nani, na feza zake zinatoka wapi.

Shaba chini, mahindi juu

Kambove inajulikana kwa shaba. Njia ya reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na miaka michache baadaye ikafika Kambove kwa sababu ya mgodi. Tangu wakati ule, udongo wa huku umeulizwa mambo mawili: kutoa madini, na kulisha wanaochimba madini.

Union Minière ilihitaji unga kwa ajili ya posho ya wafanyakazi. Na mwaka wa 1917 serikali ya wakoloni ilitoa sheria ya mazao ya lazima: mwanakijiji aliweza kulazimishwa kulima zao lililochaguliwa na serikali hadi siku 60 kwa mwaka. Mkulima hakuwa na neno juu ya bei.

Wakati wa Zaire, jimbo likiitwa Shaba, serikali iliweka bei za chini kabisa za kununua mazao. Kwa karatasi, bei hiyo ilikuwa ya kumlinda mkulima: mnunuzi asishuke chini yake. Kwa vitendo ikageuka. Wanunuzi waliichukua kama bei ya mwisho, na mkulima aliyeomba zaidi aliambiwa kwamba bei ya serikali ni ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaire iliachilia bei za mazao ya chakula, na tangu hapo soko njo linaamua.

Fundisho la kwanza liko hapo: bei ya serikali isiyo na mnunuzi wa serikali, isiyo na depo na isiyo na feza, haimlindi mkulima.

Ruzuku ya bei ni nini?

Ruzuku, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa subvention, ni feza ya serikali inayoingia katikati ili bei isiwe ile ambayo soko peke yake lingetoa. Kwa mahindi kuna njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza: serikali inanunua yenyewe. Inatangaza bei, inafungua depo, inapima, inalipa. Mkulima akiona mnunuzi wa kamyo anataka kumpunja, anapeleka mfuko wake kwa depo ya serikali.

Njia ya pili: serikali hainunui, inalipa tofauti. Soko likishuka chini ya bei iliyopangwa, mkulima anauza sokoni kama kawaida, halafu serikali inamwongezea kile kilichopungua. Njia hii inaomba serikali iwe na orodha ya kweli ya wakulima na karatasi za mauzo yao.

Njia ya tatu: serikali haigusi bei ya mavuno. Inalipa sehemu ya bei ya mbegu na mbolea, ili mkulima avune mingi zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko la leo. Mkulima analima hekta moja kwa jembe, bila mbolea. Katika Kongo, shamba la namna hiyo linatoa kawaida chini ya tani moja. Tuseme kilo 800, yaani mifuko 16 ya kilo 50. Familia inabakisha mifuko 10 ya bukari, inauza 6. Kama soko linatoa franka 40,000 kwa mfuko na serikali imeahidi 50,000, mkulima huyu anapata nyongeza ya franka 60,000 kwa mwaka mzima.

Sasa jirani mwenye hekta 50, trakta na mbolea, anayevuna tani 3 kwa hekta. Ana mifuko 3,000 ya kuuza. Nyongeza yake ni franka milioni 30.

Hesabu hii inaonyesha kitu ambacho wengi hawakiangalii: ruzuku ya bei inalipa kwa mfuko, hailipi kwa mtu. Mwenye mifuko mingi anapata mingi. Mwenye kidogo anapata kidogo. Na mkulima ambaye mavuno yake hayafiki mwezi wa 1, yule anayenunua unga kuliko anavyouza mahindi, anaweza hata kupoteza, kwa sababu bei ikipanda anaikuta sokoni akiwa mnunuzi.

Mkulima huyo huyo wa hekta moja akipata mbegu nzuri na mbolea kwa wakati, na kuvuna tani 2, anakuwa na mifuko 40. Akibakisha 10, anauza 30. Kwa bei ile ile ya 40,000, bila nyongeza yoyote, anaingiza franka 1,200,000 pahali pa 240,000. Ni kweli lazima atoe gharama ya mbegu na mbolea. Lakini tofauti iko wazi.

Ng'ambo ya Kasumbalesa

Watu wakisema "kama Zambia", wanafikiria shirika moja: Food Reserve Agency, FRA kwa kifupi. Liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Kila msimu linatangaza bei ya mfuko wa kilo 50 na linanunua kwa wakulima wadogo katika vituo vya vijijini.

Bei ya FRA inaonyesha namna serikali inavyocheza na wakati. Mwaka wa 2016 ilikuwa kwacha 85. Mwaka wa 2017 mavuno yalikuwa mengi sana, ikashushwa hadi 60, na wakulima wakalalamika sana. Mwaka wa 2021 ilikuwa 150. Mwaka wa 2023 ilipanda hadi 280, mwaka wa 2024 ikawa 330, na mwaka wa 2025 ikawa 340. Pamoja na FRA, tangu 2002 Zambia iko na programu ya kusaidia wakulima wadogo kupata mbolea na mbegu kwa bei ya chini.

Programu hizi mbili ziliongeza mavuno. Lakini ziligharimu sana. Mwaka wa 2011 FRA ilinunua zaidi ya tani milioni 1.7, kuliko magala yaliyokuwepo, na sehemu ya mahindi ikaharibika kwa mvua. Mara nyingi mkulima alipeleka mifuko mwezi wa 7 na kungoja malipo kwa miezi. Aliyekuwa na haraka ya feza alimuuzia mchuuzi kwa bei ya chini, na mchuuzi njo alipeleka kwa FRA. Watafiti waliofuata jambo hili walikuta pia kwamba sehemu kubwa ya faida ilienda kwa wakulima wachache wenye mashamba makubwa kidogo, sawa na hesabu ya hapo juu.

Zambia inajua pia upande wa mlaji. Mwezi wa 12 mwaka wa 1986, serikali ya Kenneth Kaunda ilipoondoa ruzuku ya unga wa daraja la kwanza, fujo zililipuka Copperbelt, katika miji kama Kitwe na Ndola, na watu 15 walikufa. Serikali ikarudisha ruzuku. Tangu siku hiyo kila mwanasiasa wa Lusaka anajua kwamba mji wa wachimba shaba ukikosa unga, serikali haina usingizi.

Hata Lubumbashi ni mji wa namna hiyo.

Kwa nini bei ya Kambove inatoka Zambia

Haut-Katanga hailimi mahindi ya kutosha kulisha Lubumbashi, Likasi na miji ya migodi. Kinachopungua kinapita Kasumbalesa, kikiwa mahindi ao unga uliokwisha kusagwa. Kwa hiyo mkulima wa Kapolowe, Mwadingusha ao Lukafu hashindani na jirani yake tu. Anashindana na mkulima wa Zambia aliyepewa mbolea ya bei ya chini na serikali yake.

Zambia ikivuna vizuri na mpaka ukiwa wazi, unga wa kule unajaza soko la Lubumbashi, na mnunuzi wa kamyo anamwambia mkulima wa Kambove: mahindi ni mengi, punguza. Katika miaka ile, feza za mlipa kodi wa Zambia zinafika hadi kwenye sahani ya bukari ya Lubumbashi. Mlaji anafurahi. Mkulima wa huku analia.

Zambia ikifunga, mambo yanageuka. Ilifunga uuzaji wa mahindi nje mwaka wa 2016 baada ya ukame. Mwezi wa 2 mwaka wa 2024 ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mahindi yakazuiwa tena kutoka. Mwezi wa 8 mwaka huo huo mpaka wenyewe ulifungwa siku chache kwa sababu ya ugomvi juu ya vinywaji vinavyoingia Kongo. Kila mara bei inaruka Lubumbashi.

Mtu angedhani kwamba bei ikiruka, mkulima wa Kambove anapata. Lakini bei inapanda sana wakati wa mvua, kati ya mwezi wa 12 na wa 3. Wakati ule mahindi yake alishayauza mwezi wa 5. Anayepata ni yule aliyekuwa na depo na feza za kungoja.

Serikali ya Kongo imefanya nini?

Hatua zimechukuliwa, mara nyingi. Ila ukiziangalia pamoja, karibu zote zinatazama bei ya unga mjini.

Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, aliziomba kampuni za madini kila moja ilime hekta 500. Amri hiyo ililenga mashamba makubwa. Haikusema kitu juu ya bei ya mkulima mdogo.

Service National, ambayo kituo chake kikubwa cha kilimo kiko Kaniama-Kasese katika Haut-Lomami, imepeleka mahindi na unga Lubumbashi nyakati za upungufu na kuuza kwa bei ya chini. Ni msaada kwa mama anayepika. Kwa mkulima anayengoja bei ipande kidogo, ni mshindani mwingine.

Na upungufu ukiwa mkubwa, hatua ya haraka ni kupunguza kodi za mpakani ili mahindi ya nje yaingie kwa wingi. Hapo tena, mlaji kwanza.

Kabla ya hayo, katika miaka ya 1970, kulikuwa na Programu ya Taifa ya Mahindi, iliyofanya kazi Shaba kwa msaada wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi, CIMMYT, ili kutoa mbegu bora. Ile ilimtazama mkulima. Ila mbegu bora bila barabara na bila mnunuzi wa haki haifiki mbali.

Shirika la kudumu linalotangaza bei kila msimu na kununua mahindi ya mwanakijiji, kama FRA, Kongo haina.

Feza zingetoka wapi?

Sheria ya kilimo iko. Ni sheria namba 11/022 ya tarehe 24 mwezi wa 12, 2011, na ndani yake kuna Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo. Mwaka wa 2003 pia, kule Maputo, nchi za Afrika zilikubaliana kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kongo imebaki mbali na kiasi hicho.

Katika Kambove wengi wanaelekeza kidole kwa migodi: feza ya shaba ilipe mahindi. Tuangalie sheria inasema nini. Kodi ya Madini iliyorekebishwa mwezi wa 3, 2018, inagawa ushuru wa uchimbaji hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ya chini pahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji walio karibu na mgodi.

Mambo mawili yanasahauliwa. La kwanza: teritwari haiko kati ya zile entité. Asilimia 15 inaenda kwa sekta, sheferi, komini ao mji. Kwa hiyo anayetaka kujua feza imetumika namna gani lazima aulize kwa ofisi ya sekta ao sheferi yake, si kwa administrateur wa teritwari.

La pili: sehemu hiyo ya 15 imeandikwa kwa ajili ya miundombinu ya lazima yenye faida kwa jamii. Haiwezi kumlipa mkulima franka 10,000 juu ya kila mfuko. Lakini barabara ya kutoka shambani hadi lami ni miundombinu. Depo ya kijiji vilevile. Na hivyo viwili vinagusa bei kuliko watu wanavyofikiri.

Kenya: wakati ruzuku inapotea njia

Kuna mfano wa kuangalia kabla ya kuomba feza nyingi. Kenya ina bodi ya nafaka, NCPB, inayonunua mahindi kwa bei ya serikali. Katika msimu wa 2017 bei ilikuwa shilingi 3,200 kwa mfuko wa kilo 90, juu ya soko. Mwaka wa 2018 kashfa ikatokea: wafanyabiashara walikuwa wameleta mahindi wakajiandikisha kama wakulima, wamelipwa, na wakulima wa kweli walikuwa bado wanangoja feza zao.

Bei nzuri ya serikali inaita watu wote, hata wale ambao hawajawahi kushika jembe. Bila orodha ya wakulima iliyosomwa mbele ya watu kijijini, feza inapotea kati ya ofisi na shamba.

Kinachogusa bei tangu msimu huu

Wakati ruzuku haijakuja, kuna mambo ambayo wakulima wenyewe, mashefu na viongozi wa sekta wanaweza kuyafanyia kazi.

*Kupima kwa kilo.* Mnunuzi anayenunua kwa mfuko ulioongezwa kichwa, ao kwa bakuli lililopanuliwa kwa moto, anashusha bei bila kuitaja. Mfuko wa kilo 60 ukilipwa kama wa 50, mkulima amepoteza moja kwa kila sita. Mizani moja ya kijiji, inayoaminika na wote, inarudisha ile kilo 10.

*Kukausha na kuhifadhi.* Mahindi yasiyokauka hadi unyevu wa karibu asilimia 13 yanaota ukungu, na ukungu mwingine una sumu inayodhuru ini. Yaliyokauka vizuri, yakiwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, yanakaa miezi bila dawa, na wadudu wanakufa ndani. Hata mtu akibakisha mifuko 3 hadi mwezi wa 11, ile 3 inaweza kulipa kuliko 5 za mwezi wa 5.

*Kuuza pamoja.* Kamyo inayojaa pahali pamoja inagharimu kidogo kwa mnunuzi, na chama chenye mifuko 300 kinaweza kukataa bei. Mwenye mifuko 6 na deni hawezi. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka wa 2005: mkulima anaweka mazao katika ghala linalotambuliwa, anapewa karatasi, na mazao yanauzwa baadaye, mengi kwa pamoja. Hata huko kulikuwa na malalamiko ya makato na ya malipo yaliyochelewa. Lakini wazo linaweza kufaa katika depo ya chama.

*Kuulizia mapema.* Bei ya FRA inatangazwa kila mwaka kati ya mavuno na mwanzo wa kununua. Anayeisikia redioni, pamoja na habari ya kama mpaka ni wazi ao umefungwa, anaingia katika mazungumzo na mnunuzi akijua kitu.

Kwa kumalizia

Serikali haiwezi kukwepa mlaji wa Lubumbashi, na si vizuri imkwepe. Lakini kila mara inaposhusha bei ya unga kwa mahindi ya nje, kuna mtu Kambove anayelipa sehemu ya bei hiyo kwa jasho lake, na msimu unaofuata anapunguza shamba ao anaenda kuchimba. Shamba likipungua, mji unategemea mpaka zaidi.

Njo maana swali la kuwaomba viongozi linaweza kuwa dogo na wazi kuliko "tupeni ruzuku". Feza ya asilimia 15 ya mwaka jana ilifanya nini katika sekta yetu? Barabara gani ya shamba itapitika kabla ya mwezi wa 4? Depo itajengwa wapi, na nani atashika ufunguo? Na siku ile unga wa bei ya chini utakapoletwa mjini wakati wa mavuno, nani atanunua mahindi yaliyoko Kambove?